Siku Tulipoifukiza Friji

Ninyi mliokulia Garissa kabla ya simu za mkononi, mliotembea peku kwenye mchanga wa saa saba mchana mkiruka kutoka kivuli kimoja hadi kingine, njooni mnisaidie kukumbuka, maana watoto wangu hawaniamini tena. Nikiwaambia kwamba tuliamka alfajiri tukaenda duksi kusoma Kurani, tukaandika aya kwenye ubao kwa wino wa makaa, tukarudi nyumbani kula anjera kwa chai ya tangawizi na iliki, kisha shule, kisha duksi tena, wananitazama kwa huruma kama mtu aliyetoka kifungoni. Kifungo gani? Jioni bula nzima ilikuwa yetu, na bula ndilo jina letu la mtaa. Tuliruka blada, ile kamba ya mpira iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu. Tulidandia mikokoteni ya punda wa maji hadi mwenyewe atufukuze kwa fimbo. Makorongo wenye vipara walisimama juu ya paa la machinjio wakitutazama, na sisi tuliwatupia mawe ambayo hayakuwahi kumpata hata mmoja.

Na joto lilikuwepo. Siku hizi kijana akishuka kwenye basi kutoka Nairobi anaanza kujipepea kwa kitambulisho, anauliza duka la maji baridi liko wapi, halafu anaandika kwenye simu kwamba anakufa. Sisi tulikunywa maji ya mtungi, tukashukuru. Nyama tuliikausha, tukaikatakata vipande vidogo na kuikaanga ikawa nyirinyiri, tukaitia kwenye chombo na samli juu yake, na ilikaa miezi bila kuharibika. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba friji ilikuja kwetu kwa ajili ya anasa. Friji ilikuja kwa ajili ya Ayeyo.

Ayeyo ni bibi, na huyu alikuwa mama mzazi wa Abo, baba yangu. Maisha yake yote alikuwa amefuga ng'ombe huko Ijara. Alipoanza kudhoofika na kunywa maji bila kukata kiu, Abo alimleta hospitali mjini, na muuguzi akasema ni sukari. Angehitaji kudungwa sindano kila siku, na dawa yenyewe ilitakiwa kukaa mahali penye ubaridi, isigande na isipate joto. Huko Ijara mahali penye ubaridi pangetoka wapi? Ikabidi Ayeyo awaachie ng'ombe wake watoto wa kaka yake, ahamie kwetu.

Abo alikuwa karani wa ofisi ya mifugo, na bahati ikaangukia kwake. Mkubwa mmoja kutoka bara alipata barua ya uhamisho, na mnawajua watu wa bara wakipata ile barua: wanauza kila kitu kwa wiki moja wasije wakaambiwa wabaki. Friji yake ikaja kwetu juu ya mkokoteni wa punda, imefungwa kamba, na watoto wa bula nzima wakiifuata nyuma kwa vifijo. Ilikuwa nyeupe, ina kitasa na ufunguo. Hoyo, mama yangu, aliifunika juu kwa kitambaa alichokifuma mwenyewe na ufunguo akaufunga kwenye fundo la leso yake. Abo akatutangazia sheria, na sheria yenyewe bado naisikia: "Kila ukifungua huo mlango bila sababu, unamtoa bibi yako nje juani."

Tuliogopa, wallahi. Tulikuwa na trei mbili za barafu, na barafu ile iligawiwa kwa heshima kubwa: mtoto wa jirani mwenye homa, mzee aliyefunga Ramadhani, mgeni aliyetoka safari. Sisi wenyewe tulilamba kile kilichobaki chini ya trei.

Lakini mjini Ayeyo hakuwa na kazi. Hoyo alimheshimu mno, na heshima ile ilikuwa inammaliza. Akishika ufagio ananyang'anywa. Akienda jikoni anaambiwa, "Pumzika, mama." Mwanamke aliyekuwa akiamua nani anywe maziwa kiasi gani, na ndama gani aachiwe titi lipi, sasa alikaa kwenye mkeka akihesabu tasbihi na kuitazama ile friji. Kila baada ya siku moja jamaa zetu wa ng'ambo ya mto walituletea maziwa, Hoyo akayatia kwenye jagi la plastiki na kuyaweka ndani. Ayeyo aliyaonja mara moja, akaweka kikombe chini. Yalinuka sabuni na vitunguu, akasema. Mwishowe akasema kile alichokuwa akikiwaza tangu aje: chombo hiki hakijawahi kufukizwa.

Wale mliolelewa na wafugaji mnaelewa. Kwetu chombo cha maziwa hakioshwi kwa maji tu kikaitwa safi. Unachoma vijiti vya mti unaojulikana, unatia makaa ndani ya chombo, unafunika, unakitikisa, moshi unaenea ndani kote. Maziwa yanakaa siku nyingi, na yanapata ladha ambayo mtu akishaizoea hataki tena nyingine. Mwanamke asiyefukiza vyombo vyake alisemwa kambi nzima. Kwa Ayeyo, friji ilikuwa chombo cha maziwa kikubwa kuliko vyote alivyowahi kuviona, na mkwe wake alikuwa akikiosha kwa sabuni.

Siku yenyewe Hoyo alikuwa sokoni, Abo ofisini, na stima ilikuwa imepotea. Nilikuwa na miaka tisa. Ayeyo aliniita kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayepanga jambo, nikachukua ufunguo wa akiba kwenye kopo la sukari. Tulitoa kila kitu. Dawa yake aliifunga kwenye karatasi ya nailoni, akaitia ndani ya kikombe na kukifukia kidogo kwenye mchanga mbichi chini ya mtungi wa maji, mahali ambapo kila mara palikuwa na ubaridi. Kisha akawasha vijiti, akaweka makaa kwenye chetezo chetu cha udongo, kile cha ubani, na kukisimamisha ndani ya friji, karibu na mlango. "Moshi ukijaa," akaniambia, "toa chetezo kwanza, ndipo ufunge mlango." Akaenda kutia udhu kwa sala ya adhuhuri.

Nilikaa pale nikiangalia moshi, mlinzi kamili. Ndipo kelele zikasikika barabarani. Punda wa maji alikuwa amekata kamba na anakimbia na mapipa, maji yanamwagika, mwenyewe yuko nyuma kanzu mkononi, na watoto wote niliowajua duniani wakimfuata. Nani angekaa? Niliusukuma mlango kwa mguu, nikaondoka.

Niliporudi, chetezo kilikuwa uani, kimepoa. Ayeyo alikuwa anapangusa friji ndani kwa kitambaa chenye maji. Alinitazama, akasema tu, "Leta maji." Sikuambiwa neno zaidi, nami sikuuliza. Jioni ile Abo alikunywa vikombe viwili vya maziwa, akauliza yametoka kwa ng'ombe gani. Ayeyo alivuta tasbihi yake na kutabasamu kwa mara ya kwanza tangu ahamie kwetu.

Baada ya wiki mbili hivi matatizo yakaanza. Trei za barafu zilianza kutoka zikiwa na ngozi nyembamba juu na maji chini. Maziwa yakachacha kabla ya siku kuisha. Abo alisema ni stima, na wakati ule lawama hiyo haikuwa mbaya, kwa kuwa umeme wa mji ulitoka kwenye mitambo ya dizeli, na ikifika magharibi taa zilikuwa na wekundu wa kuomba radhi. Akazungusha kile kidude cha ubaridi hadi namba ya mwisho. Friji ikanguruma mchana kutwa bila kupumzika, na ndani hapakuwa na ubaridi wowote wa kusifia.

Hoyo akafungua kile kisanduku cha juu cha kugandishia barafu, akakuta barafu imeota ukutani unene wa kiganja. Ajabu ikawa hiyo: barafu tele ukutani, na trei zina maji. Abo akaleta kisu aibandue. Hoyo akamshika mkono, kwa kuwa alishasikia kwamba nyuma ya barafu kuna bomba jembamba la gesi, na ukilitoboa umenunua kabati la nguo. Akachomoa plagi, akaweka sufuria ya maji moto ndani, na barafu ikaanguka vipande vipande, sisi watoto tukila hadi meno yakauma. Siku mbili friji ilifanya kazi vizuri. Siku ya tatu barafu ikaota tena. Mwenye duka akaja na ushauri wake kwamba iko karibu mno na ukuta, haipumui. Tukaivuta mbele, na Abo akafagia nyuma yake vumbi la kutosha kupandia mahindi. Ayeyo aligusa kule nyuma, akasema ina homa, akaifunika kwa mkeka ipate kutoka jasho. Abo akaufunua mkeka kimya kimya.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Asubuhi moja Ayeyo aliishika chupa yake ya dawa, akaikuta vuguvugu. Tayari alikuwa ameanza tena kuamka usiku kutafuta maji. Macho yalikuwa yanamwingia ukungu, na miguu ikawa mizito kuinuka kwenye sala. Muuguzi akabadilisha ile chupa, akasema mchanga mbichi wa chini ya mtungi utaisaidia dawa kwa siku chache, lakini hauwezi kubeba kiangazi kizima. Bila dawa nzima, akamwambia Abo uani, mama hana muda mrefu. Nilikuwa nyuma ya mlango na nilisikia kila neno.

Ndipo akaitwa Fundi Mutuku. Alikuwa Mkamba, mtu mwembamba mwenye baiskeli, aliyetunza friji za chanjo hospitalini. Alikuja Jumamosi. Hakufungua skrubu hata moja. Alikaa kwenye kigoda, akaomba chai, akauliza maswali kama daktari.

"Stima mmeangalia? Vumbi mmetoa? Barafu inaota wapi, pande zote au juu tu? Na hii mashine inapumzika ama inalia siku mzima?"

Abo akajibu moja moja. Fundi akachana kipande cha karatasi kwenye daftari langu la hesabu, akakibana mlangoni upande wa juu, akavuta. Karatasi ikagoma. Akabana kando, ikagoma. Akashuka hadi pembe ya chini, akavuta, na karatasi ikatoka bila kushikwa na kitu. Akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye raba ya mlango. Pale ilikuwa ngumu, imekunjamana, na nyeusi kwa ndani.

"Ugonjwa ni huu," akasema. "Hewa ya nje inaingia hapa. Inakuja na unyevu wake, inageuka barafu, barafu inafunika bomba, na ubaridi haushuki tena chini. Mashine inafanya kazi mpaka inachoka." Kisha akainua macho. "Lakini hapa paliungua. Nani alileta moto kwa friji?"

Nilijua mara moja ni mguu wa nani uliousukuma mlango ule ukabana chetezo chenye makaa kwenye raba. Bakora ya Abo ilikuwa nyuma ya kabati, na niliiona bila kuitazama.

"Ni mimi, fundi," Ayeyo akasema kutoka kwenye mkeka wake, kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nimebeleka moto ndani. Nilitaka maziwa nakaa fizuri. Mambo ya mji mimi sijui. Bole sana."

Abo aliona aibu mbele ya mgeni, na aibu ikasema kabla yake. Alimgeukia mama yake, akamwambia kwa Kisomali, polepole, kwamba amehangaika kumleta mjini apate kuishi, na yeye mwenyewe ameuchoma uhai wake kwa mkono wake. Sikuwahi kumsikia akizungumza naye vile. Fundi Mutuku hakuelewa maneno, lakini alielewa nyuso, akasema raba mpya itachukua wiki nyingi kutoka Nairobi, ila kesho akitoka kanisani atarudi ajaribu kuifufua hii. Akapanda baiskeli yake.

Jumapili, baada ya sala ya alfajiri, nilimkuta Ayeyo anafunga mzigo. Nguo mbili, msala, tasbihi. Lori la Ijara lilikuwa linapakia sokoni. Hoyo alikuwa anamsihi huku analia. Abo amesimama mlangoni, hajui aweke wapi mikono. Ayeyo alisema bila hasira kwamba mtu anayeharibu vitu vya nyumba akae mahali asipoharibu, na kwamba ng'ombe wake hawajawahi kumlalamikia. Dawa yake ilikuwa bado chini ya mtungi. Hakuigusa.

Nilikuwa mtoto, lakini niliyasikia ya muuguzi. Nikasema. Nililia kwanza, kwa hiyo ikabidi niseme mara mbili: chetezo alinikabidhi mimi, aliniambia nikitoe kwanza, mimi nikakimbilia punda na kuufunga mlango kwa mguu. Raba niliichoma mimi.

Abo akakaa chini pale pale kizingitini. "Mama, ulijua?" akauliza.

"Nilikitoa chetezo mwenyewe," Ayeyo akamjibu. "Mtoto alikimbilia punda. Na wewe ulipokuwa mdogo ulikimbilia punda, ukaacha ndama wote wakanyonya, tukalala njaa siku hiyo. Nilimwambia baba yako nini?"

Abo alifunika uso kwa mikono. Nilidhani analia, na labda alikuwa analia kweli, lakini alipoiondoa alikuwa anacheka. "Ulimwambia ni wewe," akasema. Kisha akainuka, akauchukua ule mzigo, na kuufungua fundo kwa fundo kama mtumishi. Hoyo naye akafanya jambo ambalo hakuna aliyemtuma. Alifungua fundo la leso yake, akatoa ufunguo wa friji na kuuweka kwenye kiganja cha Ayeyo. Hakuhutubia. Alisema tu kwamba maziwa ya nyumba hugawiwa na mwanamke mkubwa wa nyumba, na kwamba yeye alisahau desturi.

Fundi Mutuku alikuja na suti yake ya kanisani, akavua koti. Tulichemsha maji. Akataka mtu wa kushika kitambaa cha moto kwenye ile pembe hadi raba ilainike, na ni Ayeyo aliyeshika, maana vidole vyake vilishazoea makaa miaka sitini. Fundi akaivuta raba taratibu, akaingiza pamba kidogo nyuma yake, akaipaka mafuta ya kujipaka. Akabana karatasi, akavuta. Karatasi ikagoma. Sijawahi tena kuona watu wazima wakishangilia karatasi. Siku ya pili trei zilitoka ngumu hadi chini, na chupa ya dawa ilikuwa baridi kiganjani.

Bakora sikuipata, ila nilipata kazi: kila Ijumaa kuifuta raba ile na kuipaka mafuta. Ayeyo alitawala friji miaka minane. Alijua barafu inaenda nyumba gani na kwa sababu gani, na watoto wa bula walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Jagi la plastiki lilipigwa marufuku. Maziwa yalikaa kwenye chombo kilichofukizwa uani, mbali na mlango wowote, ndipo kikaingizwa ndani. Alifariki kitandani kwake, mwanawe akiwa amemshika mkono. Allah amrehemu.

Maneno ya muuguzi niliyasikia utotoni, lakini nilichelewa kuyaelewa. Nilikuwa mtu mzima, mama wa watoto, siku muuguzi aliponieleza sukari inavyomfanya mtu asiye na dawa. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari nisiweze kuliwasha. Ayeyo alikuwa anaenda Ijara kufa. Alikuwa tayari kupanda lori aende akafe ili mtoto wa miaka tisa asichapwe bakora tatu, na hakuona kwamba amefanya jambo la ajabu.

Sasa nina friji ndefu kuliko mimi. Ukibonyeza mahali inatema barafu kwenye glasi, na ikikataa, kijana wangu anatafuta kwenye simu, anatangaza imekufa, anataka tununue nyingine. Namwonyesha mlango, namwonyesha vumbi la nyuma, anapiga miayo. Wana kila kitu, alhamdulillahi, na siwaonei kijicho. Lakini bibi yao, Hoyo, yuko Garissa na wao wako hapa Nairobi. Wanamwona kwenye kioo cha simu siku ya Idi, wanampungia mkono, wanarudi kwenye mambo yao. Wanampenda, najua. Ila hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuharibu kitu akiwa chini ya paa moja naye, akamsikia bibi akisema ni yeye aliyekiharibu.